Papa na Tumwalimu twa Chini ya Avoka

Mpendwa Papa,

Nimefika nyumbani juzi, na vumbi jekundu la barabara ya Bafwasende bado halijanitoka masikioni. Isa amekwenda shuleni kufundisha. Watoto wako ng'ambo, Lubunga, kwa nyanya yao. Nimekaa penye meza yako ya kushonea, upande ule ulikokuwa ukiweka mkasi, na nina habari za kukupa kutoka huko nilikotoka. Lakini niache kwanza nianze mbali. Tangu ulipoondoka sijapata mtu wa kukumbuka naye mambo ya nyumba hii. Mama alikufa nikiwa mdogo sana. Tukabaki mimi, wewe na mashine yako ya mkono. Yale tuliyocheka hapa ndani, nani mwingine anayajua?

Unakumbuka siku Isa alipokuja mara ya kwanza, alipokuwa bado anaitwa Alberti? Ulikuwa unapindua ukosi wa shati. Akasimama mlangoni, kijana mrefu mwenye miwani, begani ana mfuko, mkononi ana sahani nyeupe ya bati, akakusalimu kwa heshima.

"Papa, naomba majani ya chini ya miti yako."

"Majani ya kupika?"

"Hapana, Papa. Yale yenye kuoza."

Ukaweka mkasi chini. Ukamtazama kuanzia viatu hadi miwani. "Wewe iko mutoto ya nani?"

Akakueleza kwamba kwao ni Opala, kwamba anakaa Lubunga na mama yake, na kila asubuhi anavuka mto kwa pirogi kwenda kufanya kazi katika ofisi ya Wazungu wanaochunguza udongo. Kazi yake ni kutafuta tunyama tudogo tunaoishi kwenye udongo na majani yaliyoanguka. Amepita mitaa mingi akitafuta mahali penye majani mengi yasiyoguswa, akaona miti yetu ya avoka kwa juu ya ukuta.

"Bon," ukasema. "Chukua. Uchafu hatuuzi."

Kisha ukanigeukia mimi niliyekuwa nakata nyuzi za vifungo, ukaninong'oneza kwamba Wazungu wameishiwa kazi.

Akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata kwa sababu ulinituma nimwangalie asiibe kuku. Alichuchumaa, akachota majani meusi yenye unyevu, akayatikisa juu ya sahani. Mimi sikuona kitu ila takataka. Akatoa kioo kidogo cha kukuza kilichokuwa kimefungwa shingoni kwa kamba, yeye akikiita lupu, akanipa. Nikaangalia. Papa, mpaka leo nikifumba macho nakiona kile kinyama: kimviringo kama punje ya ulezi, rangi ya manjano yenye madoa ya zambarau, kichwa kikubwa, macho meusi, na pembe mbili ndefu zilizopinda katikati kama viwiko vya mtu. Kilikuwa kinatembea taratibu, kwa maringo, kama mtu mnene anayetoka harusini. Nikasogeza kidole. Kikaruka kikapotea. Nikapiga kelele.

Ukatoka mbio na mita yako ya kupimia shingoni. "Amekufanya nini?"

"Hakuna, Papa. Kinyama kimeruka."

Ukataka kuona na wewe. Alberti akakuonyesha namna ya kushika lupu karibu na jicho, akakueleza kwamba chini ya tumbo kinyama kina uma kama mkia uliokunjwa, kikiogopa kinaufyatua, kinarushwa hewani. Ukainama na lupu jichoni. Mabega yako yakaanza kutikisika. Nilidhani unalia, kumbe unacheka.

"Mwamini," ukasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika msikitini. "Iko sawa na mwalimu wetu."

Na ni kweli, Mungu atusamehe. Mwalimu wetu wa Kurani alikuwa mfupi, mviringo, kichwa kikubwa, na mtoto akikosea aya aliruka kutoka kwenye mkeka. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu vinyama vile havikuwa na jina lingine. Kamwalimu. Wakiwa wengi, tumwalimu.

Kijana yule akawa anarudi. Alisema anahitaji majani ya wakati wa mvua, kisha ya wakati wa jua, kisha ya chini ya mti wa pili. Mimi nilijua anahitaji nini. Wewe nawe ulijua, ndiyo maana ulikuwa unahamisha kiti chako kutoka barazani kwenda nyuma ya nyumba kila alipokuja. Siku moja alinionyesha tumwalimu wawili waliosimama uso kwa uso, wakisukumana vichwa, wakirudi nyuma, wakisukumana tena.

"Wanapigana?" nikauliza.

Akainamisha kichwa. Hata masikio yake yaliona haya. "Hapana. Wanachumbiana."

"Mwamini," ukasema kutoka kwenye kiti chako, bila kuinua macho kwenye kitambaa, "ingia ndani."

Nikaingia. Lakini nilikusikia ukimwuliza, "Wanasukumana vile mpaka lini?" naye akajibu, "Mpaka yule wa kike aseme ndiyo, Papa." Ukakohoa kikohozi chako cha kuficha kicheko.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya udhu. Jua lilikuwa limeinama, ulikuwa umeshika birika ukijiandaa kwa sala ya alasiri, na Alberti alikuwa amechuchumaa palepale penye majani. Akakuita kwa haraka. Ukaweka birika, ukainama na lupu. Kamwalimu mmoja alikuwa ametoa tone la maji chini ya tumbo lake, analishika kwa miguu, anajipaka. Anajisugua uso. Anapitisha pembe zake mdomoni, moja, kisha ya pili. Anafuta mgongo.

"Eh!" ukasema. "Mwamini! Kuya uone! Iko natawadha!"

Ulisimama pale umeduwaa kama mtu aliyepewa salamu kutoka mbali. Kisha ukamwuliza Alberti, "Hawa, ukifika ofisini unafanyaje nao?"

Maskini, hakujua kusema uongo. Akakueleza kwamba wanaweka majani ndani ya faneli ya bati, juu yake wanawasha taa. Vinyama vikikimbia joto vinashuka chini, na chini kuna chupa. Ndani ya chupa kuna alkoli, ili visioze.

"Alkoli. Pombe?"

"Iko kama pombe, Papa."

Papa, hasira uliyopata siku ile! "Kanyama kanatawadha, kanasafisha uso yake mbele ya Mungu, na wewe unakazamisha ndani ya pombe? Mutoto wewe! Na majani unachukua kwangu!" Ukamnyang'anya mfuko, ukamwaga majani yote chini ya mti. Ukaswali kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Nilidhani hatarudi. Alirudi Ijumaa iliyofuata, bila mfuko. Alikuja na sahani na lupu tu. Akasema majani ya ofisini atayatafuta msituni, lakini akiruhusiwa atapenda kuja hapa kuangalia walio hai. Ukamwangalia. Ukaniambia, "Lete lituma ya ndizi na samaki. Kijana ametoka mbali."

Baada ya hapo sikuwa na haja ya kusimamiwa tena, maana wewe ndiye uliyekuwa na Alberti kuliko mimi. Nilikuwa nawaangalia kutoka jikoni: miili miwili imeinama kwenye majani, mmoja mzee mwenye kofia, mwingine kijana. Ulimwuliza maswali ya fundi. Uma ule umeungwa wapi? Wanakula nini? Akakwambia wanakula kuvu na majani yaliyooza, na bila wao na wenzao majani yangejaa mpaka madirishani. Ukafurahi sana, ukasema basi nao wanafanya kazi ya kuchukua kilichochakaa na kukitoa kikiwa kipya, kama sisi na makoti ya mitumba.

Alipokuja kuniomba, ulikataa. Nilikaa siku nyingi sikusemeshi. Hukusema kwamba ni mtu mbaya. Ulisema ni Mkristo. Naye, kwa kunipenda, akasema papo hapo kwamba atasilimu. Ndipo uliposema neno ambalo yeye mwenyewe huwaambia wanafunzi wake hata leo, bila kuwaambia limetoka kwa nani: "Mimi sitaki mutu aingie kwa Mungu juu ya musichana. Kama unaingia, ingia na miguu yako."

Mwaka mzima alikuja kila Ijumaa, akakaa na mwalimu wetu yule mviringo, akajifunza. Mwisho akatamka shahada mwenyewe, mbele ya watu, na hakunitaja. Na wewe ukamchagulia jina. Wengine walitaka aitwe Abdala, wengine Ramazani. Ulisema ataitwa Isa, ili mama yake kule Lubunga akiita mwanawe asione kwamba tumemnyang'anya. Mama mkwe alikuja harusini na kapu la kwanga, mikate ya muhogo, kichwani na macho mekundu. Aliposikia jina hilo alikaa chini kwenye mkeka akakushika mikono. Mpaka leo hajaacha kwenda kanisani, na hajaacha kukutaja.

Tulioana mwaka wa uhuru. Hukuwa unalala, kila mtu mjini alitaka nguo mpya ya kuingilia uhuru, na mimi nilishona gauni langu la harusi kwa vipande vilivyobaki. Watu waliimba barabarani. Waliokuwa wakisema Stanleyville mbele ya Wazungu wakasema Kisangani kwa sauti, kama tulivyokuwa tukisema siku zote nyumbani. Baada ya muda bwana mkubwa wa ofisi ya Isa alifunga masanduku yake akaondoka. Isa akabaki na faneli, taa na chupa, akaendelea na kazi peke yake, na siku moja akakuletea lupu moja iliyosahaulika kwenye droo. "Ya kutilia uzi, Papa," alisema, maana macho yako yalikuwa yameanza kuchoka. Uliivaa shingoni pamoja na mita. Kila mteja alitaka kujua ni ya nini, na kila mteja ulimpeleka nyuma ya nyumba.

Kisha ukaja uasi.

Sitaki kuandika mengi ya mjini, uliyaona. Watu wenye miwani walianza kuivua, maana waasi waliwasaka waliosoma. Aliyejua Kifaransa alikisahau. Kijana wa jirani aliyefanya kazi posta alichukuliwa asubuhi akiwa na kikombe cha chai mkononi. Wewe ndiye uliyesema twende, mimi nikiwa na mimba, tuvuke mto Tshopo twende kwenye shamba la mjomba, njia ya Bafwasende. Ulibeba mashine kichwani. Isa alizika miwani na karatasi zake chini ya miti yetu.

Kule shambani tuliishi vizuri kuliko nilivyotegemea. Wewe na Isa mlilima mihogo asubuhi, na jioni nilikuwa nawakuta mmelala kifudifudi pembeni ya msitu, mnapokezana lupu. Majani ya kule yalikuwa na tumwalimu wa rangi ambazo hatujaziona mjini. Nakumbuka mlivyobishana juu ya mmoja mwekundu. Isa alisema ni utitiri, wewe ukasema utitiri haufyatui mkia. Ulishinda.

Waasi walipita siku walipokuwa wanarudi nyuma. Ndege zilikuwa zimefika mjini, nao wakawa wanakimbilia mashariki. Waliingia uani mchana, wamechoka, nguo zimewachanika, na macho yao hayakutulia. Kiongozi wao aliona lupu juu ya meza.

"Hii iko ya nani?"

Akaigusa kwa kidole.

"Ya kuita avioni, zile ndege, eh? Ya kuandikia barua ndogo-ndogo? Hapa kuna mutu ya ofisi. Iko nani?"

Nilimwona Isa akifungua mdomo. Nilijua atasema kweli, kwa sababu hajui kitu kingine. Lakini wewe ulitangulia.

"Iko yangu, mwanangu. Mimi niko fundi. Macho imekufa. Natia nayo uzi."

"Uongo. Onyesha."

Ukakaa. Ukachukua sindano nyembamba kabisa, ukaweka lupu jichoni. Uzi ukapita mara ya kwanza. Ukamwomba asogee, ukashika mkono wa shati lake uliokuwa umechanika, ukaushona akiwa ameuvaa.

Akaangalia mshono. Akamgeukia Isa. "Na huyu? Huyu iko na uso ya mutu ya vitabu."

"Huyu?" Ulicheka. Sijui ulikitoa wapi kicheko kile. "Huyu iko mutoto yangu. Mujinga kabisa. Hajue hata A. Niliuza mbuzi asome, akarudi yeye mwenyewe iko mbuzi. Angalia mikono yake!"

Wakaangalia mikono ya Isa. Ilikuwa imejaa malengelenge ya jembe. Wakacheka.

"Bon," akasema kiongozi. "Mujinga abaki alime. Fundi, beba mashine. Vijana yangu iko uchi."

Isa akapiga hatua mbele. Ukamfokea, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako: "Rudi kwenye mihogo! Nani amekuita?" Kisha ukaniomba birika. Nilikupa. Vidole vyako vilikuwa vya baridi. Ukasema, "Mutoto akizaliwa, mulaze kwa upande," kama vile unakwenda sokoni tu. Mmoja wao akabeba mashine, mkaingia barabarani. Hukugeuka. Nadhani ulijua ukigeuka nitapiga kelele.

Nilijifungua mwezi uliofuata. Tuliporudi mjini, ofisi ya Isa haikuwa na paa, na chupa zote zilikuwa vigae. Alipata kazi ya kufundisha. Miaka ikapita, tukauliza kila dereva, kila askari, kila mchuuzi. Isa alikuwa akiamka anakaa uani peke yake. Nilijua anakwenda na wewe barabarani, hatua kwa hatua. Hakuna aliyetuambia kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni kununua nyama iliyokaushwa. Mama aliyeuza alikuwa amevaa blauzi kuukuu. Aliponyoosha mkono kuchukua jani la kufungia, nikauona ukosi kwa ndani. Ule mkunjo wako, Papa, na vile vijimsalaba vya uzi unavyoficha chini ili ukosi usilegee. Nikashika shingo ya mwanamke nisiyemjua, katikati ya soko.

"Nani amekushonea?"

Aliogopa. "Papa Fundi, ya kwetu, njia ya Bafwasende. Lakini alishakufa, mama. Mbona unalia?"

Mimi na Isa tulipanda lori naye. Ametupeleka mpaka kwa dada yake, katika kijiji kilicho kando ya barabara, na huko wametusimulia. Waasi walikuacha njiani na homa, wakaenda na mashine. Dada huyu na mume wake walikuokota. Mguu wako ulivimba, haukupona sawasawa, na barabara ilikuwa imejaa askari. Ulituma salamu kwa wasafiri mara nyingi. Hazikufika, Papa. Ujue kwamba hazikufika, si kwamba tulizipuuza. Ulishona kwa mkono mpaka kijiji kizima kikavaa mshono wako.

Wakatuambia pia kwamba walikuta mara nyingi mzee amelala kifudifudi kwenye majani, wakakimbia wakidhani amekufa. Lupu ilikuwa imepotea mtoni, ikabidi usogeze jicho karibu kabisa. Walidhani ni namna yetu Waislamu ya kusali. Watoto walilala pembeni yako wakiangalia. Wanajua majina ya viungo vyote vya kamwalimu, wamenitajia.

Walikuzika kama ulivyowaelekeza ulipoona umekaribia, umelala kwa upande, uso Kibla, ingawa hapakuwa na Mwislamu hata mmoja wa kuwasaidia. Kaburi lako liko chini ya miti, limefunikwa majani. Mume wa yule dada aliona haya, akashika fagio. Isa akamzuia. Tulisoma Fatiha, kisha tukachuchumaa mimi na yeye, tukafunua majani kidogo. Walikuwapo, Papa. Wengi, wa kila rangi. Isa alilia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na nikamwacha alie.

Kuna jambo moja la mwisho. Jioni nilikuwa nimekaa na yule dada jikoni, tunamenya ndizi. Akainua kichwa akaita kwa sauti, kwa ukali wa mtu aliyezoea: "Mwamini! Maji!"

Nikainuka. "Nakuya!" nikasema, na sauti nyingine ikasema hivyohivyo kutoka nyuma ya nyumba. Akatokea msichana mdogo, amebeba kibuyu kwa mikono miwili, akasimama mlangoni ananitazama kwa hasira kama mtu aliyechukuliwa kitu chake. Yule dada alishika mdomo. Alisema mwanawe alipozaliwa walikuomba wewe umpe jina. Hukufikiri, alisema. Ulikuwa nalo tayari.

Nilimshonea gauni kabla hatujaondoka. Alitaka mifuko miwili, nikamwekea.

Basi, Papa, pumzika. Tumejua ulipo, nawe hukukaa peke yako.

Mtoto wako,
Mwamini, ule mkubwa